Siku Waliyokufukuza Ulikuwa Chini ya Jeneza

Mususa, Jumatano, saa nane mchana

Katembo,

Nimekasirika, na nitaanza na wewe kwa kuwa hutanijibu.

Nilikukataza kwenda Mbau. Tulikuwa mlangoni mwa karakana yako, wewe unafunga msumeno kwa kamba juu ya baiskeli, na nilikuambia mara mbili. Kaye yangu, daftari langu la kila siku, siku hiyo inasema: "Jumatatu. Nimemkataza Katembo safari ya Mbau. Amecheka." Ulisema, "Kakule, mbao haingojaka siasa." Kisha ukasema mimi naogopa hata kofia ya askari iliyotundikwa ukutani. Ni kweli, naogopa. Aliyeogopa yuko hapa anaandika. Aliyecheka yuko Mbau kando ya barabara, na chini ya kichwa chake hakuna kitu.

Nilikusudia kuandika kwa utaratibu. Tayari nimeharibu.

Narudi mwanzo. Barua hii ataisoma kwanza binti yako Masika, ndipo itakufikia wewe. Kwa hiyo nitaeleza hata mambo unayoyajua kuliko mimi, ili asije akasimuliwa na watu wengine kwa namna yao.

Masika, huu ndio Udugu wa Bega. Babu zenu walifanya kazi katika mashamba ya kahawa ya wazungu na katika kutengeneza barabara. Mtu akifa kule, msimamizi aliwaita vibarua wowote waliokuwa karibu, wakamfunika kwa magunia na kumzika mwisho wa mistari ya kahawa, bila jina. Wale waliobaki wakaapa: ndugu yetu hatakwenda kaburini kwa bega la mgeni. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza. Ya pili ni kwamba siku ya maziko hakuna mkutano, hakuna kesi, hakuna uamuzi wowote, kwa sababu siku hiyo bega lina kazi moja tu. Sheria nyingine ziliongezwa baadaye na watu waliopenda kuandika sheria, nami nikiwemo.

Wakati wa chama kimoja cha taifa, wakubwa walisema nchi nzima ni udugu mmoja, wa pili wa nini? Baba zetu wakajiita kikundi cha maziko cha kartie, yaani cha mtaa, wakaimba nyimbo walizoambiwa waimbe, wakacheza walipoambiwa wacheze. Mzee Muhindo, fundi mwenzake baba yako, alikuwa kijana wakati ule. Anapenda kusema, "Tulibadilisha jina, bega hatukubadilisha." Kila Jumapili ya mwisho ya mwezi watu walisalimiana pale karakana kwa neno lile lile. "Bega iko?" "Iko." Nami nililijibu neno hilo kwa miaka kumi na moja nikidhani ni salamu tu.

Kwenye mwimo wa mlango wa karakana yako, Katembo, kuna mistari iliyochongwa kwa patasi, kila mmoja na herufi za jina pembeni. Hiyo ndiyo rejista yetu ya kweli. Ndugu mpya anasimama pale bila viatu, anapimwa, na anapewa mwenzake wa urefu mmoja, kwa sababu jeneza likibebwa na watu wasiolingana maiti anaegemea upande, na huko ni kumdharau. Watu sita, jozi tatu. Kupanda kilima wafupi wako mbele na warefu nyuma. Kileleni tunageuza: warefu wanakwenda mbele, wafupi wanarudi nyuma, na jeneza haligusi chini. Butembo ni vilima tu, asiyejua kugeuza hajui kubeba. Mimi na wewe, Katembo, mstari wetu ulikuwa mmoja. Ulichonga herufi zako kulia, zangu kushoto, na hivyo ndivyo tulivyobeba: wewe kulia, mimi kushoto, jeneza katikati ya masikio yetu. Nimekwenda na wewe hivyo mara nyingi kuliko nilivyokwenda na mke wangu sokoni.

Na kila ndugu ana kata yake ya bega, mto mdogo wa kubebea jeneza, iliyoshonwa nyumbani kwake. Yako Mama Masika aliishona kwa kitenge cha kijani, akaijaza pamba ya godoro la Masika alipokuwa mdogo. Ndugu akifa, kata yake inawekwa chini ya kichwa chake ndani ya jeneza. Wengine walilala juu yake alipowabeba, sasa alale juu yake mwenyewe.

Kata yako iko hapa mezani kwangu, mbele ya karatasi hii. Nitaeleza kwa nini iko hapa.

Vita vilipofika, kila mwenye bunduki alitaka kuwa na watu. Huyu wa Butembo na Beni, wale wa upande wa Kayna, na wengine porini; mimi niliacha kuandika majina yao kwa sababu yalibadilika kabla wino haujakauka. Wakaletwa maaskari na Komanda wao, mtu wa mkoa mwingine, mwenye viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope. Prezida wetu wa Udugu akasema tumpokee Komanda kama ndugu wa heshima. Akasema ni kwa ajili ya usalama wetu. Prezida, ambaye baba yake mwenyewe ni mmoja wa wale walioapa katika kahawa!

Nakumbuka siku ile kuliko siku ya ndoa yangu. Komanda alisimama katika vumbi la randa yako, akavishwa mshipi wetu wa Udugu, akafungua mikono na kusema kwa Lingala, "Bandeko na ngai!" Ndugu zangu. Watu wakapiga makofi. Hawakumpima mlangoni, umeona hilo? Hakuvua viatu. Nawe ukasema, si kwa kunong'ona, "Ndeko wa nani? Mutu mwenye kutujazia makaburi, leo tumupatie bega?"

Makofi yalikatika. Prezida akasema, "Katembo, kinywa yako itatuuwa siku moja." Ukajibu, "Hapana, Prezida. Kinywa haina risasi." Mzee Muhindo alicheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka. Mimi niliandika katika kaye ya chama: "Ndugu Katembo ametoa maoni." Ndivyo sekretere mwenye diploma anavyoandika. Ametoa maoni.

Majuma machache baadaye ukaenda Mbau.

Habari zako zilifika Alhamisi, na mtu wa kwanza kuzipokea ni mimi, katika biro, ofisi ya shule, nikiwa naandika majina ya watoto wa mwaka wa pili. Aliyezileta alikuwa mama muuza ndizi aliyetoka Mbau kwa lori. Alisimama mlangoni hakutaka kukaa. Alisema ulikuwa unarudi na mbao kumi na mbili za majeneza yetu, juu ya pusipusi ya kukodi, mkokoteni wa kusukuma, na maaskari wa bariere, kizuizi cha barabarani, wakasema mbao zishuke. Mmoja akakuuliza, "Mbao hii ni ya nani?" Ukasema, "Ya bandugu yangu." Akasema, "Bandugu yako banani?" Ukawatajia Udugu wa Bega, na ukasema hata Komanda wao ni ndugu yetu, wamuulize. Wewe! Wewe uliyemkataa, siku hiyo ulilitumia jina lake, na halikukusaidia kitu. Ulishika kamba, askari akavuta, ukashika, na akakupiga risasi. Baadaye walisema ulikuwa unapelekea watu wa porini habari. Mbao zilibaki kwao.

Kwa hiyo hata hasira yangu juu ya safari yako haina pa kusimama. Ulikwenda kutafuta mbao za kutuzikia sisi.

Nilidhani siku ile ile tungeondoka. Kilometa ni chache, lori zilikuwepo. Niliwaza tu nani atakuwa mwenzangu wa kulia, kwa kuwa mwenzangu ndiye maiti, na sheria inasema jozi ya marehemu haijazwi na mtu asiyelingana. Niliwaza mambo ya urefu, Katembo. Sikuwaza mambo ya woga.

Ijumaa saa sita Prezida aliniita nyumbani kwake na kaye ya chama. Komite nzima ilikuwepo, watu wanne pamoja nami, na pembeni askari mmoja wa Komanda amekaa kwenye kiti cha kamba akibangua karanga. Bunduki ilikuwa juu ya mapaja, maganda yanaangukia juu ya bunduki. Hakuna aliyesema yule mtu amekuja kufanya nini. Prezida alikuwa na sauti ya padri.

"Kakule, tukienda kumubeba Katembo, tunasema ni nani alimuuwa. Unaelewa?"

Nikasema naelewa.

"Donc, kwa hiyo lazima asikuwe ndugu wetu wakati alikufa. Andika: alifukuzwa. Utovu wa nidhamu. Jumapili ya pili ya mwezi wa tano."

Nikauliza, "Prezida, Jumapili ile tulikutana?"

Akavua miwani. "Kakule, uko na batoto ngapi?" Nikasema sita. Akasema, "Na mimi niko na saba. Andika ile niko nakuambia."

Nikaandika. Mwandiko ni wangu, ule ule mzuri wanaousifu watu, herufi zimelala upande mmoja. Nilitia hata mstari chini ya kichwa cha habari kwa rula. Wote wanne tukatia sahihi. Yule askari alinipa karanga nilipokuwa natoka, na nilizipokea. Nilizila njiani. Hilo sijamwambia mtu.

Prezida alisema pia kata yako itolewe katika kabati la chama na itupwe, kwa kuwa asiye ndugu hana kata. Nilitumwa mimi. Niliitoa, nikaiingiza ndani ya koti, nikaipeleka kwangu na kuifungia katika sanduku la bati pamoja na kaye zangu za miaka yote. Usinishukuru. Kuiba kata ya rafiki ni kazi rahisi kuliko kukataa kuandika.

Unajua mimi huandika kila siku tarehe, mvua, nani alikuja, nini kilisemwa. Siku ya Ijumaa ile kuna maneno mawili tu: "Leo nimeandika." Mistari mingine yote ya ukurasa ni mitupu. Nilikuwa na wino na nilikuwa na nafasi.

Ulizikwa na wageni, Katembo. Mbau, siku ya pili, kwa pusipusi ile ile iliyobeba mbao. Katekista na wamama wa soko walikusukuma, wakakuchimbia kando ya barabara kwa sababu maaskari hawakuruhusu mbali zaidi. Walikufunika kwa majani ya ndizi na kitambaa cha mama mmoja. Nawaheshimu wale wamama kuliko ninavyowaheshimu watu wote waliovaa mshipi wetu. Hawakukuapia kitu, na walikuja.

Hapa kwetu watu walimwambia mke wako kwamba ulikuwa umefukuzwa "tangu zamani." Aliwaamini? Sijui. Hakuniuliza. Alinipita njiani kwa miezi na kunijibu salamu kwa heshima ileile, "Bonjour, Baba Sekretere," na heshima hiyo ilinichoma kuliko matusi. Sasa anauza unga wa muhogo pale karakana. Meza ya randa ndiyo inakaa mizani. Kuku wa jirani wanataga ndani ya sanduku lako la misumari. Msumeno mkubwa askari waliuchukua pamoja na baiskeli, lakini ule mdogo upo, nami nilimkuta Mzee Muhindo siku moja anautia mafuta bila kuambiwa na mtu.

Na Komanda hayupo tena. Alipelekwa upande mwingine wa mapigano na hakuaga ndugu zake. Mshipi wetu alikwenda nao. Labda anafungia sanduku.

Masika ndiye ambaye hakujua. Alikuwa shule ya bweni kule Kayna, na mapigano yalikata barabara kati yake na sisi. Barua ya mama yake ilimfikia baada ya miezi mitatu, na yeye mwenyewe alipita kwa shida karibu na Noeli. Siku ya nne tu ya kufika kwake alikuja kwangu. Sikumtambua mlangoni. Alipojipinda kidogo ili asigonge kizingiti nilimjua, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyoingia nyumbani kwangu miaka yote.

Hakulia. Alisema, "Baba mudogo, wewe ndiwe unaandikaka kila kitu. Nionyeshe siku ile walifukuza baba. Nataka kujua alikosa nini."

Nilimwambia Jumapili ya pili ya mwezi wa tano. Akauliza, "Siku ile alifanya nini?" Nami nikaenda kufungua sanduku, si kwa ushujaa, ila kwa sababu mtu akiniuliza tarehe mkono wangu unakwenda wenyewe. Nikatoa kaye. Nikasoma kwa sauti kabla sijaona ninachosoma.

"Jumapili ya pili, mwezi wa tano. Mvua tangu asubuhi. Tumemzika Mzee Tsongo. Tumebeba: Mzee Muhindo na mwenzake, jozi ya kati, mimi na Katembo. Wakati wa kugeuza kileleni Katembo ameteleza na kumkanyaga Mzee Muhindo. Jeneza halikuegama. Prezida amesema maneno ya kuaga. Tumerudi saa kumi na moja, tumelowa wote. Katembo ameimba njia nzima, vibaya."

Nilisoma mara tatu. Prezida alitaja Jumapili yoyote iliyomjia kinywani, na kinywa chake kilimpeleka katika siku ya maziko. Siku ambayo sheria yetu ya pili inakataza uamuzi wowote. Siku ambayo yeye mwenyewe alisimama juu ya kaburi na mwavuli. Wakati wanaosema walikufukuza, ulikuwa chini ya jeneza la ndugu, kulia kwangu, matope hadi magotini, unaimba. Nami nilikuwa kushoto kwako! Mimi, mtu wa tarehe, niliandika uongo ule bila kukumbuka bega langu lilikuwa wapi.

Masika alisema neno moja. "Basi."

Jumapili iliyopita ilikuwa ya mkutano wa mwezi. Prezida alileta orodha ya marehemu wote wa Udugu, isomwe katika misa ya kumbukumbu. Niliipitia. Mzee Tsongo yupo. Wewe haupo. Nikasimama, nikafungua kaye yangu na kusoma ukurasa ule mbele ya watu wote, kisha nikasema: taarifa ya kumfukuza Katembo niliiandika mimi, Ijumaa, alipokuwa tayari amekufa, na tarehe yake ni ya uongo.

Prezida hakupandisha sauti. "Kakule, kaye yako ni ya nyumbani. Kaye ya chama ndiyo iko na sahihi ine."

Ndugu wengine wakaguna kwamba ni kweli, sahihi ni sahihi. Mmoja akasema, "Mais lakini Kakule pia alitia sahihi, si anajihukumu mwenyewe?" Nilijibu ndiyo, najihukumu. Prezida akaanza kuifunga kaye ya chama, na nilijua dakika moja zaidi na kesi imekwisha.

Ndipo Mzee Muhindo alipoinama na kuanza kuvua kiatu. Tulidhani kimemchoma. Akavua soksi, akainua mguu na kuuweka juu ya meza ya komite, mbele ya Prezida, karibu kabisa na orodha ya marehemu.

"Angalia, Prezida. Usiogope, nilinawa. Ukucha hii ni nyeusi nusu. Katembo ndiye alinikanyaga siku ya Tsongo, wakati wa kugeuza. Mutu mwenye kufukuzwa alinikanyaga namna gani? Na kiatu ya nani?"

Watu walicheka, Katembo. Walicheka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu vita vianze, hata walioguna walicheka. Kisha wakaacha ghafla, kama watu waliokumbuka wako wapi. Prezida alisema, "Toa mguu yako kwa meza." Mzee akasema, "Nitatoa wakati utatoa uongo yako."

Usidhani walishinda wema. Prezida aliweka kaye ya chama chini ya kwapa na kuondoka, na zaidi ya nusu ya ndugu walimfuata. Wengine waliniangalia kwa aibu, wengine kwa hasira, kwa sababu kama uongo ni wangu na wa komite, kukaa kwao nyumbani siku ile ni kosa la nani? Hakuna aliyefungwa kamba. Walijua barabara ya Mbau iko wapi. Waliniamini kwa kuwa kuniamini kulikuwa kunawafaa. Nawakasirikia kwa hilo hata sasa.

Tulibaki watano, tukakubaliana kukufuata Mbau na kukuzika kwa bega letu. Mzee Muhindo akahesabu kwa kidole, akahesabu tena, akasema, "Jozi mbili na Kakule. Kakule hana mwenzake." Ni kweli. Ulikuwa mrefu kuliko wote isipokuwa mimi, na aliyebaki mrefu kiasi hicho hakuna. Jeneza lingeegama.

Masika alikuwa amesimama nje na mama yake, kwa sababu wanawake hawaingii mkutanoni. Alivua viatu vyake vya shule kizingitini, akavipanga vizuri, akaingia na kusimama kwenye mwimo wa mlango, mgongo umenyooka. Mzee Muhindo akasema, "Mutoto mwanamuke? Haijafanyikaka." Lakini alikwenda hata hivyo, fundi ni fundi, akaweka ubao mdogo juu ya kichwa cha mtoto na kuusukuma hadi ukagusa mti. Uligusa ndani ya mchongo wako. Siyo karibu. Ndani.

Mzee alikaa na ule ubao mkononi. Akaita, "Mama Masika, unasema nini?" Mke wako akajibu akiwa nje, bila kuingia, "Alipokuwa mudogo baba yake alimubeba. Mimi niseme nini?" Mzee akapangusa jicho kwa kiwiko, akasema, "Mimi nilikuwa naogopa tu jeneza iegame. Haitaegama." Kisha akamwuliza Masika kama anavyoulizwa kila ndugu mpya, "Bega iko?"

"Iko," akasema mtoto wako.

Sasa mambo ya Jumamosi, siku ya kuja kukuchukua, kwa utaratibu, maana yanakuhusu wewe.

Katekista wa Mbau ametuma neno: padri amekupa mahali katika makaburi ya misioni, na chifu ametoa karatasi. Kutoka ulipo hadi misioni ni mwendo wa saa moja kwa miguu, kilima kimoja. Tutageuza mara moja. Masika amefanya mazoezi tangu Jumatatu na ngazi ya Mzee Muhindo, tukiipakia mawe, na jana aligeuza bila kumkanyaga mtu, jambo ambalo wewe hukuliweza. Lori litatufikisha na jeneza tupu hadi bariere. Bariere ingali pale pale. Maaskari ni wengine, lakini bunduki ni za aina moja. Watauliza jeneza ni la nani. Tumekubaliana kwamba atakayejibu ni mimi, na jibu nimeliandika ili nisipoteze maneno: "La ndugu yetu Katembo, aliyekufa hapa."

Mbao hatukuwa nazo. Tumevunja meza ya komite. Ni mti mzuri, uliuchagua mwenyewe, na Mzee Muhindo ameupanga vizuri; ila pembeni pana alama ya wino niliomwaga mwaka ule, haikutoka kwa randa. Utalala na alama yangu. Vumilia.

Masika atabeba na kata yako, kwa kuwa hana yake. Tukifika, ataitoa begani mwake na kuiweka chini ya kichwa chako, na barua hii itakuwa imekunjwa ndani ya ile pamba. Nakala nimeiandika katika kaye yangu, kwenye ukurasa wa Ijumaa ile. Nilianza mahali palipobaki patupu, chini ya yale maneno mawili, na haukutosha. Nimeongeza karatasi kwa gundi.

Sijakusamehe safari ile. Prezida sitamsamehe, na mimi mwenyewe bado sijui. Lakini nakuahidi haya mbele ya mtoto wako anayesoma: hakuna tena jina la mtu nitakaloliandika kwa tarehe niliyopewa na mwingine, na siku yangu ikifika, Masika abebe kulia.

Kaa tayari, rafiki yangu. Jumamosi tunakuja. Wewe ulikuwa kulia kila wakati, sasa utakuwa katikati, juu, karibu na sikio langu. Na ukisikia bega la kushoto linatetemeka njiani, ujue si uzito wako. Ni hasira. Nitakwenda nayo hivyo hivyo mpaka misioni, na jeneza halitaegama.

Mwenzako wa kushoto,
Kakule